Minazi Yetu, Geti Lao

Kaka yangu Kahindi tumemzika Ganze, mwezi wa pili, jua likiwa kali hata udongo wa kaburi ulikuwa ukitoka vipande vipande kama vigae. Wachimbaji walilalamika. Mmoja akasema, "Huyu marehemu alikuwa mtu wa pwani. Angezikwa kwao kwenye mchanga, saa hizi tungekuwa tunakunywa chai." Alisema kwa utani, wenzake wacheke, na wakacheka. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya mwavuli wa kuazima, na maneno yale ndiyo yaliyonikalisha hapa kuandika. Shule niliishia darasa la nne na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu, kwa hivyo anayetaka maandishi ya kupambwa aende kwa waliosoma. Waliosoma ndio waliotufikisha hapa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka ambao kaka yangu alianguka, ingawa kufa amekufa juzi. Habari za wazazi wetu siziandiki, haziingii humu. Majina nitayataja. Kwenye matanga watu waliniambia, Dama, yameshapita, usitaje watu. Nitawataja. Msimamizi wa bustani alikuwa Bwana Fondo. Naibu wa chifu alikuwa Ngumbao. Hao wawili. Wengine wote waliokuwapo walikuwa wakipiga makofi tu.

Kwetu ni upande wa bahari, ukishuka Matsangoni ukaipa barabara kuu mgongo. Hawe, yaani nyanya yetu aliyetulea, alikuwa na minazi aliyoachiwa na mumewe, na mmoja katika hiyo, uliopinda kidogo kama mtu anayechungulia dirishani, alimpa Kahindi tangu akiwa mtoto. Ulijulikana kote kuwa ni mnazi wa Kahindi. Mtu wa bara hawezi kulielewa jambo hili asipoelezwa, basi nalieleza. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Unaweza kuwa na shamba lako, na minazi iliyomo ikawa ya mtu mwingine kabisa, naye akaja akakwea, akaangua nazi zake, akaenda zake, nawe huna la kusema ila kumuuliza kama amekunywa uji. Mnazi unarithiwa, unawekwa rehani, unatolewa mahari. Wazee wakipelekana kwa kadhi au kwa chifu, wanapelekana kwa ajili ya miti. Ardhi ni pale mti uliposimama, basi. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyoangamia.

Walipokuja na habari ya bustani ya mimea walitufungia turubai kubwa karibu na zahanati na kutupa soda. Bwana Fondo alikuwa kijana bado, mtu wa Kaloleni, amesoma ng'ambo mambo ya mimea, ana miwani na shati la mikono mirefu lisiloloa jasho. Lugha yetu aliizungumza vizuri kuliko watoto wetu. Nadhani hilo ndilo lililotumaliza, maana mtu wa kwenu akikwambia jambo kwa maneno ya kwenu, unasikia kama umelisema wewe. Alisema ardhi ile ni ya serikali tangu zamani, sasa itakuwa bustani ya umma, watoto waje wajifunze, wageni waje waone maua, vijana wapate kazi. Nyumba zitahamia kando ya barabara. Watu wakaanza kunung'unika. Akainua mkono. "Lakini minazi yenu ni yenu," akasema. "Nasema mbele ya naibu wa chifu. Hakuna atakayegusa mnazi wa mtu." Ngumbao, aliyekuwa ameketi na kofia yake magotini, akatikisa kichwa kukubali. Hawe akasimama. "Rudia, mwanangu, masikio yangu mazito." Akarudia. Hawe akapiga kigelegele, mzee mzima, na turubai zima likalipuka makofi. Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka arusini. Jioni ile Hawe alikuna nazi mwenyewe, akaketi juu ya mbuzi miguu ameinyoosha, akapika samaki wa ng'onda kwa tui zito na sima laini, na kila aliyepita njiani alimwita. "Wamechukua mchanga wao," alikuwa akisema, "wametuachia mali yetu." Watu walicheka midomo imejaa. Kahindi peke yake alikuwa akichambua miba ya samaki polepole. Akauliza, "Wamesema wataweka geti?" Hawe akamtazama kama mtoto aliyetapika sebuleni. "Geti la nini na wewe? Nani atamzuia mtu kwenda kwenye mali yake?"

Geti waliweka. La chuma, kijani, likawa linafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kwa mtu wa maua hizo ni saa nzuri. Kahindi alikuwa mgema, akigema mnazi wake na minazi ya Hawe, na mnazi haujui saa za ofisi. Mgema anakwea alfajiri kabla ya jua, na anakwea tena jioni jua likizama, na kila akifika juu anachonga kwa kotama, kisu cha mgema, ncha ya karara, ua la mnazi lililofumba, kipande chembamba kama ukucha, ili tembo liendelee kudondoka kibuyuni. Ukikosa kukwea, kibuyu kinafurika, nyuki wanazama, na karara linafunga kidonda chake na kukauka. Nilimwona kaka yangu alfajiri amesimama nje ya geti, kotama kiunoni, anaitazama minazi yake juu ya ua, na kunguru wametua kwenye vibuyu wanakunywa. Soja wa geti alikuwa ndani anapiga mswaki. Kahindi akaenda ofisini. "Bwana Msimamizi, minazi si ni yetu?" Fondo akavua miwani akaifuta. "Ni yenu kabisa, ndugu yangu. Nani amekukataza? Geti liko wazi saa mbili." Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi, kwa sababu tusi mtu unaweza kulirudisha. Makarara yakakauka moja baada ya jingine. Baadaye ukaja ubao: pombe marufuku, kuna watoto wa shule. Kisha wakaja mafundi na ngazi na ndoo za saruji. Wanaokwea minazi kwetu huchonga vidato kwenye shina, vishimo vya kuwekea vidole vya miguu, toka chini hadi juu. Fondo alisema ni vidonda, vinaingiza maradhi, na mti wa maonyesho hauwezi kuwa na vidonda. Wakaviziba vyote kwa saruji, wakapaka rangi ya kahawia juu yake, na ukitazama kutoka mbali huoni kitu. Hawe alikwenda kulalamika. Fondo akamwambia, "Hawe, hatukuugusa mnazi. Tumeutibu."

Mimi nilipata kazi kitaluni, na siwezi kusema uongo, nilipapenda. Ndiyo sababu nina uchungu maradufu. Kilikuwa kibanda kirefu kilichofunikwa wavu mweusi, ndani kuna ubaridi na harufu ya samadi iliyoiva, na kazi yangu ilikuwa kujaza udongo kwenye mifuko ya nailoni na kumwagilia miche. Nilikuza mikilua, milangilangi, asumini, mikadi. Karibu yake kulikuwa na chumba cha vioo cha okidi, maua yaliyoletwa kutoka nchi za mbali, yananing'inia kwenye vikapu kama wagonjwa wa thamani. Yalikuwa na feni yao. Yalikuwa na bomba lao linalotoa ukungu wa maji mchana kutwa, shh, shh, shh. Nje ya ua, kando ya barabara tulikohamishiwa, mama zangu wadogo walikuwa wakipanga madumu kwenye bomba moja linalokohoa hewa. Nilikuwa nikitoka ndani ya ukungu ule uso umelowa, nafika nyumbani Hawe ananigusa shavu, anasema, "Huko mvua imenyesha?" Hata sasa nikisikia chombo kinachopulizia maji, hata kwa kinyozi, najikuta najifuta uso.

Rafiki yangu alikuwa Salma wa Malindi, mwenye kibanda cha chai ndani ya bustani. Watu wao walitoka visiwani, na Kiswahili chake kilikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Saa nne tulikunywa chai ya tangawizi kwa mahamri na mbaazi nyuma ya jiko lake, na ndiye aliyenifunza kufunga vikuba, asumini na mkadi na majani ya rehani, wanawake wajipachike nywelani. "Wee Dama," alikuwa akisema, "maua haya yote unayamwagilia wewe, na uvundo wa samadi ndio unaorudi nao kwa bwana wako utakayempata. Haya, jipachike." Kutoka nyuma ya jiko lile lilisikika kila lililosemwa ofisini, maana palikuwa na dirisha la wavu tu. Siku moja Ngumbao alikuja. Nikamsikia anauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Na hii minazi yao, wakija kuidai?" Fondo akacheka. "Waache waseme ni yao. Mnazi hauna miguu. Utaondoka uende wapi?" Ngumbao akacheka mpaka akakohoa, akaomba maji. Salma aliweka sufuria chini kwa kishindo ili wajue kuna watu. Wakaanza kuzungumza habari za mpira. Yule Salma mpaka leo hunikumbusha: "Nilitaka kumpelekea maji yale nimeyatemea mate." Hakuyatemea. Aliyapeleka safi, kwenye sahani, na mimi nikaendelea kula mbaazi.

Likizo ya Disemba ilipofika, jua la kaskazi likiwa linachoma hata mpini wa jembe, bustani ikajaa. Watoto kutoka Nairobi, Wazungu wa Watamu, shule za Kilifi. Getini wakasimamisha ubao mkubwa: Shughuli za Likizo. Asubuhi matembezi ya ndege na vipepeo. Kisha kupanda miche. Kisha kusuka makuti na kufunga vikuba. Chini yake, Mimea ya Msimu: okidi za chumba cha vioo, waridi la jangwani, lile linalochanua likiwa halina hata jani, ambalo huko Ganze mbuzi hulipita kwa sababu ya sumu yake, mkadi, na mnazi. Kwenye mnazi wa Kahindi wakapigilia kibao chenye jina la kigeni, na chini yake kwa Kiswahili: mti unaowapa watu wa pwani chakula, kinywaji na makao. Nilikisoma kibao kile nikiwa na toroli la samadi mkononi. Watu wa pwani wenyewe walikuwa nje ya ua, wanangoja maji. Shughuli ya mwisho kwenye ubao, saa za alasiri, ilikuwa Mgema Kazini.

Fondo alimwita Kahindi mwenyewe. Alisema wageni wanataka kuona utamaduni. Kahindi, ambaye tembo lilikuwa limemkauka na posa yake kwa msichana wa Mtondia ilikuwa imerudishwa, alikubali. Kukwea atakwea, lakini hakuna tembo. Kwa hivyo akawa anapanda na kibuyu kilichokwisha kujazwa chini, maji ya dafu yaliyotiwa maziwa ya pakiti yawe meupe. Anafika juu, anashika kotama, anajifanya anachonga, anashuka, na watoto wanaonjeshwa kwa vikombe vidogo. Kijijini hawakumwonea huruma. Wagema wenzake waliokuwa na minazi ya nje walimpigia kelele akipita: "Kahindi! Leo umegema ya nusu lita au ya robo?" "Ng'ombe wako yuko juu ya mnazi gani?" Mwanzo alicheka nao. Baadaye akawa anapitia njia ya nyuma. Usiku hakula vizuri. Hawe alimwekea sima na mtsunga uliotiwa nazi, mboga chungu aliyoipenda tangu utotoni, naye anaumega megamega tu. "Hawe," akamwambia siku moja, "mti ni wangu, nami naukwea kama mwizi anayeonyeshwa jinsi alivyoiba." Hawe alimsogezea sahani ile tena. Tangu geti lifungwe alikuwa amepunguza maneno.

Tena kulikuwa na ile saruji. Kukwea bila vidato si kazi ya mchezo. Alikuwa akibana shina kwa nyayo na kushika kingo za mashimo yaliyozibwa, na jua la kaskazi lilikuwa limeanza kuikausha saruji ikaachana na mti. Asubuhi ya siku ile alikuja mpaka mlangoni pa kitalu, Fondo akiwa ndani anachagua vyungu vya maua vya kupamba hema la wageni wakubwa, Ngumbao yuko naye. Nilikuwa nimeinama na ndoo. Yote niliyasikia.

"Bwana Msimamizi, huko juu saruji inacheza. Niruhusu nizibue vidato vyangu."

"Leo? Wageni wako njiani, Kahindi. Unataka wafike waone mti una matundu kama tumbawe? Likizo iishe, tutazungumza."

"Basi leo nisikwee."

Ngumbao akaingilia. "Mgema gani anaogopa mnazi wake mwenyewe? Au umezeeka kabla ya kuoa?"

Fondo hakucheka. Alichukua chungu cha asumini, akakizungusha kukitazama, akasema, "Usipokwea ni sawa, sikulazimishi. Dada yako hapa ana kazi nzuri, au vipi, Dama?" Akanitabasamia. Kaka yangu alinitazama. Sikusema kitu, ningesema nini, na yeye hakungoja niseme. Alisema, "Haya," akatoka, akifunga kotama yake kiunoni. Miaka yote aliyolala kitandani nilingoja anilaumu kwa kimya kile, na hakunilaumu hata mara moja. Alimlaumu Fondo, nami namlaumu Fondo. Aliyeshika chungu ni yeye.

Alasiri watoto waliketishwa kwenye mikeka, wageni kwenye viti hemani, na Fondo alikuwa na kipaza sauti cha mkononi. Alieleza mnazi, majani yake, nazi zake, yote kweli, yote kwa sauti tamu. Kahindi akaanza kukwea. Watoto wakawa wanaimba, "Juu! Juu! Juu!" na kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama kando na Salma, yeye ana sinia la vikombe. Niliiona saruji kwanza. Kipande cha mviringo kama kifuniko cha chupa kubwa, kahawia upande mmoja na cheupe upande wa pili, kikitoka chini ya mguu wake na kudondoka kwenye majani bila sauti. Kisha yeye. Hakupiga kelele. Kibuyu kilitangulia kufika chini kikapasuka, maziwa yakatapakaa, na watoto wakaangua kicheko, maana walidhani ni sehemu ya mchezo. Walicheka hata alipolala pale, mpaka mmoja wa mbele akaanza kulia. Salma aliangusha sinia. Nami nakumbuka sauti ya Fondo katika kile kipaza sauti, haikutetemeka hata kidogo: "Watoto, simameni, tafadhali. Tupange foleni. Sasa tunakwenda kuona okidi."

Hospitalini walisema uti wa mgongo. Alirudishwa nyumbani mwezi uliofuata, chini ya kiuno hakuna kitu, kama amekatwa na kufungwa tena kwa kamba. Tulimlaza chumba cha mbele, kilichokuwa na dirisha, na hilo lilikuwa kosa, kwani kutoka pale alikiona kilele cha mnazi wake juu ya ua. Tulipotaka kumhamisha alikataa. Bustani ilituletea kikapu cha okidi, zambarau, na kadi. Hawe alikichukua kikapu kile, akakipeleka nyuma kwa mbuzi. Akarudi. "Hata mbuzi hawali," akasema, na Kahindi akacheka kwa mara ya kwanza, mpaka maumivu yakamkatiza.

Hawe aliamini kwamba mtu akiumia kwenye kazi yako, unamtunza. Alivaa leso mpya, akajitengeneza, akaenda na mimi ofisini. Fondo hakuwapo, au alikuwapo akajificha, lakini Ngumbao alikuwapo, ametumwa aongee nasi. Alituketisha. Alitupa pole, akamshika Hawe mkono. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo kama mwiba uliovunjikia ndani. "Mama, tuseme ukweli. Mnazi ule ni wa nani?"

Hawe akajibu upesi, kwa fahari, kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Ni wa Kahindi."

"Ehe. Bwana Fondo alisema hivyo mbele ya watu wote, au hakusema?"

"Alisema. Alirudia."

"Basi. Mtu ameanguka kutoka mti wake mwenyewe. Bustani inaingiaje hapo?"

Nilimwona nyanya yangu akitafuta jibu. Alitazama ukutani kulikokuwa na picha za maua, akatazama mikono yake. Mwanamke yule alikuwa na maneno ya kumtosha kila mtu, alishinda kesi za minazi mbele ya wazee wenye ndevu, na siku ile alikwama, kwa sababu njia pekee ya kumshinda Ngumbao ilikuwa kusema mnazi si wetu. Hakuweza. Akasimama, akaniambia, "Twende." Njiani, kwenye jua lile, aliniuliza swali moja tu: "Dama, wale waliopiga makofi, mimi ndiye niliyeanza?" Nikamwambia hapana, walianza wote pamoja. Hawe alikufa kabla ya masika. Nilifukuzwa kitaluni mwezi huohuo, wakasema miche imepungua.

Yaliyobaki ni marefu lakini hayana habari. Kando ya barabara nako kukaja mwenye hati, tukahama tena, tukaenda kwa jamaa Ganze, ambako maji yanafuatwa mwendo mrefu na mkaa ndio mazao. Kahindi nilimpakia kwenye mkokoteni. Kuolewa niliolewa kidogo, mume akachoka na harufu ya vidonda vya kulala, akaenda, na simlaumu. Nimemgeuza kaka yangu kitandani asubuhi na jioni, saa zilezile alizokuwa akikwea, ujana wangu wote na baada ya ujana. Watu husema nimevumilia. Sikuvumilia, sikuwa na pa kwenda.

Karibu ya mwisho aliniomba jambo. "Unizike chini ya mnazi wangu," akasema. "Sitaki mengine." Basi nikateremka Kilifi kumtafuta Fondo, kwa kuwa niliambiwa bado ana neno katika kamati ya bustani. Ni mzee sasa, ana nyumba ya ghorofa, na barazani okidi zimening'inia, pamoja na kile kibomba cha ukungu. Nilimpa shikamoo. Ilinitoka mdomoni yenyewe, na nimejichukia kwa hilo. Alinikumbuka, akaagiza niletewe juisi ya ukwaju. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa upole uleule. "Dama, mwanangu, bustani si makaburi. Watoto wanakuja pale."

"Si mnazi wake?" nikasema. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Zamani tulisema mengi. Miti yote mle ni mali ya umma. Sheria ndiyo ilivyo." Akanisukumia glasi. "Kunywa, kuna jua."

Sikuinywa. Huo ndio ushindi wangu wote katika maisha haya, glasi moja ya ukwaju.

Baada ya matanga Salma alinichukua tukaenda bustanini. Yeye sasa ni bibi mwenye wajukuu, magoti yanamsumbua, akanikatia tiketi bila kuniuliza. Mnazi upo. Umerefuka, umepinda zaidi, na ile saruji bado imo katika vidato vya chini, rangi imebanduka. Kile kimoja cha juu kiko wazi, tundu jeusi, ndege wametaga. Chini kulikuwa na nazi iliyodondoka. Niliiokota nikaifunga kwenye leso, nikifikiria nikaioteshe kwenye kaburi, ingawa najua mnazi haustawi Ganze, ungekauka kabla haujatoa jani la pili. Tulipofika getini, binti mwenye sare akanigusa bega kwa adabu. "Mama, samahani, hairuhusiwi kutoka na kitu." Salma akaanza kufoka, "Wee mtoto, unajua huyu ni nani?" Nikamnyamazisha. Nilifungua leso nikampa ile nazi, naye akasema asante, akaiweka chini ya meza ya tiketi pamoja na chupa tupu. Tukatoka, na geti likafungwa nyuma yetu, maana ilikuwa saa kumi na moja.

Kahindi amelala kwenye udongo mgumu, pasipo kivuli hata cha mbaazi. Mnazi ule ni wake. Fondo alisema mbele ya watu wote, na Ngumbao akasema tena ofisini, tukasikia vizuri.